Mchuzi mzito wa bata mzinga: maswali yenu kabla ya Sikukuu ya Shukrani

Kila Novemba inaposogelea Alhamisi yake ya 4, ndugu zetu walioko Marekani huanza kuniandikia kuhusu bata mzinga. Mwaka huu wengi hawamuulizi bata mwenyewe. Wanauliza grevi, ule mchuzi mzito wa kahawia unaomwagiwa nyama na viazi vya kuponda. Nimechagua haya.

Shikamoo shangazi. Nimeoa mwaka huu. Wakwe zangu hapa Columbus, Ohio, watachoma bata mzinga kwao, na mimi nimepangiwa nilete mchuzi wa watu 8. Pilau naliweza. Hili sijui nianzie wapi.

Marahaba, mwanangu. Hiyo si kazi ndogo. Kifua cha bata mzinga ni nyama kavu kwa asili yake, na mchuzi ndio unaokifanya kipite kooni.

Anza na supu. Unga ni wa kuishika tu, ladha yote inatoka kwenye supu. Kwa kuwa bata hatakuwa jikoni kwako, nunua mabawa ya bata mzinga kama kilo 1 na nusu. Yapange kwenye trei pamoja na kitunguu kikubwa, karoti na bua la seleri, uyaoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi (400 kwa oveni za Marekani) hadi yawe ya kahawia iliyokolea. Usiwe na haraka, ni saa moja au zaidi kidogo. Yahamishie kwenye sufuria, mimina maji ya moto kwenye trei, kwangua ule ukoko wote, na maji hayo yaingie sufuriani pia. Ongeza maji yafike kama lita 2, punguza moto, acha yachemke taratibu saa 2 hadi 3. Chuja. Ikipoa, mafuta yatapanda juu, yaengue uyaweke.

Kipimo ni hiki: kila kikombe cha supu kinataka vijiko 2 vya mezani vya mafuta na vijiko 2 vya unga wa ngano. Kwa watu 8, vikombe 4 vya supu, nusu kikombe cha mafuta uliyoengua (au siagi) na nusu kikombe cha unga. Kaanga unga ndani ya mafuta kwa moto wa wastani, ukikoroga, mpaka harufu ya ubichi iishe na rangi ifanane na karanga zilizomenywa. Mimina supu kidogo kidogo huku mkono wa pili unakoroga. Acha ichemke dakika 10. Chumvi na pilipili manga ni mwisho.

Yote haya fanya Jumanne. Alhamisi utapasha tu, na wakwe watakukuta umevaa vizuri.

Shangazi, mimi ndiye mchomaji. Kwenye trei hubaki mafuta na vitu vyeusi vyeusi. Huwa navimwaga. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo! Huo ni ukoko, na wewe uliyekulia nyumba ya wali hujahitaji kuambiwa thamani yake. Mwaga mafuta kwenye bakuli, mimina supu kidogo ya moto kwenye trei, weka jikoni juu ya moto mdogo na ukwangue kwa mwiko wa mbao. Onja kwanza, lakini. Ukiwa wa kahawia, ni utajiri. Ukiwa mweusi na mchungu, umeungua, na hakuna kiungo kitakachouficha. Ili usiungue, weka vitunguu vilivyokatwa na vikombe viwili vya maji chini ya bata tangu mwanzo, uongeze maji yakikauka.

Kama bata wako alilazwa kwenye maji ya chumvi, au pakiti yake inasema amedungwa maji ya chumvi (wengi wa madukani wako hivyo), kile kinachochuruzika huwa na chumvi kali. Tumia supu isiyotiwa chumvi kabisa, kisha ongeza maji ya trei kijiko kwa kijiko ukionja.

Ni majani gani hasa yanayotiwa, na yanatiwa lini? Nikiyatia sina hakika hata kama yananukia.

Hapa ndipo mchuzi wa kawaida na mchuzi wa sikukuu hutengana, basi niruhusu nikae kidogo.

Majani ya desturi ni matatu: seji, thaimu na rozimeri. Ndege ni wa huko Amerika, mababu wa Meksiko ndio waliomfuga, lakini majani haya yalivuka bahari kutoka nchi za Mediterania pamoja na mapishi ya Waingereza. Seji ni jani pana la kijivujivu lenye manyoya laini; kwa Wamarekani wengi, harufu yake ndiyo harufu ya siku hiyo. Ukilitupa tu kwenye supu halisemi mengi. Litie kwenye mafuta ya moto kabla ya unga, majani 5 au 6, likaangike hadi linyauke na mafuta yanukie. Unaweza kuyatoa yakishakauka, uyavunjie juu ya viazi.

Thaimu, lile lenye vijani vidogo mfano wa punje, ni la kuchemka. Funga vijiti 3 au 4 kwa uzi, uvitumbukize supu inapoingia kwenye unga, uvitoe mwishoni. Halina ugomvi na mtu.

Rozimeri ni mkali. Kijiti kimoja kwa vikombe 4, na kitoke baada ya dakika 10. Kikikaa zaidi, mchuzi unageuka dawa. Binafsi naweza kuukosa rozimeri nisijute, seji siwezi.

Pasli ikatwe ndogo ndogo na itiwe moto ukishazimwa. Ukiichemsha inabaki rangi ya huzuni, ladha imekwenda. Kama una majani makavu, tumia theluthi ya kipimo cha mabichi, na seji ya kusagwa nusu kijiko cha chai inatosha sufuria nzima. Fungua chupa unuse kabla: isiponukia chupani, haitanukia mezani.

Mchuzi wangu una madonge kama uji wa mtu mvivu. Nifanyeje?

Upitishe kwenye chujio, utumie kipigio cha mayai badala ya mwiko safari ijayo. Ukiwa mwepesi, uache uchemke bila mfuniko. Ukiwa mzito, ongeza supu ya moto. Usinyunyize unga mkavu juu ya mchuzi unaochemka, maana hayo ndiyo madonge yenyewe. Na uzime jiko ukiwa bado mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, ukipoa unashika.

Assalaam alaykum. Tutakuwa na wageni Waislamu na mtoto mmoja asiyekula ngano. Mapishi ninayoyaona yana mvinyo.

Waalaykum salaam. Mvinyo si lazima. Kazi yake ni uchachu, na kijiko kimoja cha siki ya tufaha au maji ya ndimu kinaifanya vizuri. La kuangalia zaidi ni bata mwenyewe, achinjwe kihalali. Mwagize mapema kwa muuza nyama wa halali, maana wiki ile huisha. Soma pia pakiti za supu ya unga na vipande vya supu, kwani mafuta ya wanyama hujificha humo, na ngano pia.

Kwa mtoto, tumia wanga wa mahindi. Kijiko 1 cha mezani kwa kikombe cha supu, ukorogwe kwanza kwenye maji baridi, kisha umiminwe kwenye supu inayochemka. Utashika baada ya dakika moja. Usiuchemshe sana tena, utaachia, na usiuweke friza.

Shangazi, sisi wa Toronto tulikula yetu ile Jumatatu ya 2 ya Oktoba, sasa tunajiandaa kwa Krismasi. Nikitia nyanya, binzari na dania, kuna ubaya?

Ubaya hakuna, ila utakuwa umepika rosti. Ni tamu, na mimi nitakuja kula, lakini usiilete mezani ukiiita grevi mbele ya wakwe wa mwanangu wa Columbus. Ukitaka mkono wa nyumbani uonekane, kitunguu saumu na pilipili manga nyingi vinakubaliana na seji. Binzari humfukuza.

Ndani ya bata nilikuta mfuko wenye vitu. Ni vya nini?

Shingo, firigisi, moyo na ini. Vingine hufichwa upande wa shingo, tafuta kote. Vyote viende kwenye supu isipokuwa ini, linaloifanya chungu. Likaange peke yake, mpishi ale akiwa amesimama.

Uliobaki unakaa muda gani?

Usiuache mezani zaidi ya saa 2. Kwenye friji unakaa siku 3 hadi 4, na ule wa unga wa ngano waweza kwenda friza. Ukitoka kwenye baridi utakuwa mgumu; usiogope, ongeza supu kidogo, koroga, uchemke sawasawa kabla ya kula. Ijumaa asubuhi jaribuni na ugali na nyama iliyochambuliwa, kachumbari pembeni.