Vinasaba vimelingana, basi kesi imekwisha? Kaanzeni kwenye bahasha

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza: maabara ikishasema vinasaba (DNA) vya mshtakiwa vimelingana na vya kwenye kielelezo (kitu kinachotolewa kama ushahidi), mahakama inabaki na nini cha kujadili? Wengi hapo juu wamejibu "hakuna". Mimi napinga. Maabara inaeleza kilichofika mezani kwake tu. Kilichotoka eneo la tukio, na mikono kilimopita, haikijui, na kesi nyingi huharibikia hapo katikati.

Chukueni kesi ya Farah Jama, kijana mwenye asili ya Somalia aliyekuwa akiishi Melbourne, Australia. Mwaka 2006 mama mmoja alikutwa amezimia chooni kwenye ukumbi wa starehe. Akapelekwa hospitali, akachukuliwa sampuli, na maabara ikakuta vinasaba vya Jama. Hakuna shahidi aliyemwona ukumbini, mama mwenyewe hakukumbuka kitu, na Jama alisema usiku ule alikuwa nyumbani na baba yake mgonjwa. Vinasaba peke yake vikampa miaka 6 mwaka 2008. Desemba 2009 hukumu ikafutwa, naye ameshakaa ndani zaidi ya mwaka. Kumbe saa 28 hivi kabla ya yule mama kufikishwa, daktari yuleyule, katika kitengo kilekile, alikuwa amechukua sampuli za mwanamke mwingine aliyekuwa amekutana na Jama kwa jambo lisilohusiana kabisa. Jaji mstaafu Frank Vincent alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya 2010 ikaonyesha kuwa karibu kwa hakika uchafuzi ulitokea kwenye uchunguzi wa hospitali, na kwamba yaelekea hata ubakaji wenyewe haukutokea.

Hapo mashine haikukosea hata kidogo. Vinasaba vilikuwa vya Jama kweli. Kilichokosewa ni chumba.

Wajerumani nao walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kadhaa, likiwemo la kuuawa kwa askari polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika ni mfanyakazi aliyekuwa akifungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, sawa, lakini kutakasa kunaua vijidudu, hakuondoi vinasaba. Ndiyo maana anayejua kazi hupeleka maabara na kijiti kimoja kisichotumika kutoka boksi lilelile. Kijiti hicho kikitoa majibu ya mtu, boksi zima lina tatizo. Ukiona jalada lisilotaja kipimo hicho, hilo ni swali lako la kwanza.

Sasa uchukuaji wenyewe. Nguo yenye damu au shahawa haiwekwi kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu ukifungiwa ndani, bakteria na ukungu vinakula vinasaba, na kwa joto la Dar siku chache zinatosha kuharibu kazi. Nguo inakaushwa kivulini, juu ya karatasi safi, kila nguo peke yake, kisha inaingia kwenye bahasha ya karatasi. Glavu zinabadilishwa kila unapohama kielelezo, maana glavu iliyoshika shuka la kwanza inalinda ngozi yako wewe, hailindi shuka la pili. Na aliyemshika mtuhumiwa wakati wa kumkamata hatakiwi kuwa ndiye anayefungasha nguo za mlalamikaji jioni ileile. Kituoni kwenye askari wachache hili linavunjwa sana, na mara nyingi si kwa nia mbaya.

Kiasi nacho kina maneno yake. Seli moja ya binadamu ina kama pikogramu 6 za vinasaba. Kipimo cha kawaida kinapendelea nanogramu 0.5 hadi 1 (nanogramu moja ni pikogramu 1,000), yaani seli zaidi ya themanini. Ukishuka chini ya pikogramu 100 unafanyia kazi seli kumi na kitu: baadhi ya alama (vipande vya vinasaba vinavyolinganishwa) hazitokei, na nyingine zinajitokeza bila kuwa za mtu yeyote. Sampuli ya "mguso", mfano mpini wa panga au usukani, mara nyingi ndiyo inaangukia huko. Halafu inahama. California, mwaka 2012, vinasaba vya mtu vilikutwa kwenye kucha za marehemu wakati mwenyewe usiku ule alikuwa kalazwa hospitali, amelewa. Wahudumu wa dharura waliombeba yeye ndio waliokwenda kwa marehemu saa chache baadaye.

Ukipata ripoti, omba pia ile michoro ya vilele, yaani grafu ya mashine ambapo kila kilele ni alama moja. Kila eneo la vinasaba linatoa vilele viwili tu kwa mtu mmoja, au kimoja kama kapata alama sawa kwa baba na mama. Ukihesabu vitatu au vinne kwenye maeneo mengi, huo ni mchanganyiko wa watu wawili au zaidi, na neno "vimelingana" halitoshi tena. Uliza: wachangiaji wangapi, nani mkubwa, nani mdogo, na mchambuzi aliona vinasaba vya mshtakiwa kabla au baada ya kuamua kilele kipi ni halali? Akiviona kabla, jicho linatafuta linachokitaka.

Kisha ile namba. Mtaalamu akisema uwezekano wa mtu mwingine yeyote kulingana ni "mmoja kati ya milioni", haina maana kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutohusika ni mmoja kati ya milioni. Dar ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo kwa namba hiyo unatarajia kama watu watano mjini humo wanaolingana. Kama ushahidi mwingine unamtenga mshtakiwa na hao wengine, vizuri. Kama hakuna ushahidi mwingine, namba haijafanya kazi mnayodhani. Na kama kuna kaka wa baba mmoja mama mmoja, hesabu inabadilika kabisa. Aulizwe mtaalamu kama alimzingatia.

Kwa hapa Tanzania, silaha kubwa ya utetezi bado ni karatasi. Mahakama ya Rufani kwenye Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri (rufaa ya jinai namba 110 ya 2007) ilitaka kumbukumbu inayofuatana kuonyesha ukamataji, utunzaji, makabidhiano, uchambuzi na hatima ya kielelezo. Baadaye, kwenye kesi ya Joseph Leonard Manyota, ikalegeza: kitu kisichobadilishwa kirahisi hakidai ukali uleule. Lakini unga wa dawa za kulevya kwenye kipakiti na kijiti cha pamba ni vya kubadilika kirahisi, kwa hiyo msikubali kuambiwa "Manyota imemaliza".

Kaeni na hati ya ukamataji, daftari la vielelezo na fomu ya kupokelea sampuli kwa Mkemia Mkuu, mzisome pamoja. Tarehe zinafuatana? Uzito aliopokea mkemia ni ule uliokamatwa? Lakiri ilikuwa nzima, na nani kasaini kuikuta nzima? Kielelezo kililala wapi Ijumaa hadi Jumatatu? Jina la aliyesafirisha likikosekana, mwite aje, au ubainishe kwamba hakuitwa. Ripoti ikishapokelewa kama kielelezo ni lazima isomwe mahakamani. Isiposomwa inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, ingawa ushahidi wa mdomo wa mtaalamu unaweza kubaki.

Kwa upande wa pili, mawakili wa utetezi wanapenda kusema "hakuna vinasaba, hakuna ubakaji". Hiyo haisimami. Kesi ya Selemani Makumba [2006] ya Mahakama ya Rufani inasema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Na kukosekana kwa sampuli, hasa baada ya saa 72 au baada ya kuoga, hakusemi lolote kuhusu kilichotokea.

La mwisho, na watu hulisahau: ulizeni mapema kama sampuli imebaki. Kijiti kilichotumika chote kwenye kipimo cha kwanza hakina cha kurudia, na ombi la kupima upya likitolewa siku ya hukumu litakuta bahasha tupu.