Mama mdogo, ninyanyue vyuma kwanza?

Binti wa dada yangu amepata nafasi chuo cha ufundi cha VETA, fani ya umeme wa majumbani. Wiki iliyopita alinijia Chanika na daftari jipya, akajikalisha mkekani, na swali lake la kwanza likawa hili: "Mama mdogo, eti nianze kunyanyua vyuma? Kaka anasema saiti bila nguvu watanicheka."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Halafu nikanyamaza. Swali hilohilo nilijiuliza mwenyewe miaka kumi na nne iliyopita, na jibu nililojipa lilinila mgongo.

Saiti yangu ya kwanza ilikuwa nyumba ya ghorofa kule Goba. Tulikuwa mafundi umeme saba, na ukimtoa mama ntilie, mwanamke nilikuwa peke yangu. Asubuhi ile fomeni alinipandisha na kunishusha kwa macho, akauliza kama nimekuja kuwapikia. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba nitawaonyesha.

Nikawaonyesha kweli. Ngazi ikihamishwa, niko mbele. Rola za waya zikishushwa kwenye gari, nabeba mbili mbili. Kuna siku nilijitwisha mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao hata haukuwa wa kazi yetu, ulikuwa wa waashi. Fundi umeme na mfuko wa saruji, wapi na wapi? Hakuna aliyenizuia, maana nani atamzuia mtu anayemfanyia kazi yake bure? Mwezi wa pili nikaamka siwezi kuinama kufunga viatu. Nililala nyumbani wiki tatu, na kibarua hana likizo ya ugonjwa. Niliporudi nafasi yangu ilishakaliwa.

Jambo lililoniuma zaidi nililiona baadaye, kwamba mafundi wazuri walikuwa hawabebi. Aliyenifundisha kazi hasa ni mzee mmoja wa Tanga, mwembamba kama fito, aliyekuwa anakaribia sitini. Alikuwa akipitisha nyaya tatu za milimita mbili na nusu kwenye bomba lenye kona tatu, na shati lake linabaki kavu. Mfukoni alikuwa na kopo la poda ya watoto. Anazipaka nyaya poda ziteleze, anazifunga kwenye waya wa kuvutia, anamweka mtu upande wa pili wa kusukuma, kisha wanahesabu: moja, mbili, vuta. Saidia wake, kijana aliyejaa misuli, siku moja alivuta kwa pupa akalikwangua ganda la waya mpaka shaba ikaonekana. Mzee hakumgombeza. Alimwambia tu auchomoe wote aanze upya, na huo waya mpya autoe kwenye posho yake.

Kwa hiyo nimemwambia binti: vyuma achana navyo. Ngazi ndefu mbebe wawili hata kama mwenzako ni pande la mtu. Ukuta usiuchimbe kwa tindo kutwa nzima kama kuna grenda. Mimi yangu nilinunua kwa kudunduliza miezi mitano, na hakuna hela niliyowahi kuitumia vizuri kuliko ile. Hela ya mazoezi iweke, ununue mita ya kupimia umeme.

Hapo kwenye mita nilikaa naye sana.

Kuna mama mmoja Kivule alikuwa "anang'atwa" na bomba la bafuni. Akiligusa na miguu imelowa, linamtetemesha mkono. Mafundi watatu walishapita. Wa kwanza alibadilisha hita ya maji. Wa pili alibadilisha koki, Mungu amsamehe. Wa tatu alimshauri awe anaoga na ndala. Mimi nilipofika, baba mwenye nyumba alikuwa kibarazani na redio yake. Akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamjibu, "Shikamoo baba, fundi ni mimi." Akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine anakuja.

Zamani ningeanza kujieleza: nimesoma wapi, nina miaka mingapi kazini. Siku ile niliomba msumari mrefu tu. Nikauchomeka kwenye udongo nje ya dirisha la bafu, ncha moja ya mita nikaigusisha hapo, nyingine kwenye bomba, nikamgeuzia baba kioo asome mwenyewe. Kikaandika volti 94. Akazima redio.

Nikamwomba asimame pale na mita, aniambie namba ikibadilika, mimi nikaingia ndani kuchomoa kitu kimoja kimoja. Televisheni, bado 94. Pasi, bado. Nilipochomoa friji la jikoni, nikasikia anapiga kelele kutoka nje: "Mbili! Imekuwa mbili!" Tatizo halikuwa bafuni kabisa. Friji lilikuwa linavujisha umeme kwenye bati lake la nje, na kwa kuwa waya za ethi, zile za kupeleka ardhini umeme uliovuja, za nyumba nzima zimeungana, umeme ule ulikuwa unazunguka mpaka kwenye hita na kutokea bombani. Ungepaswa kuishia ardhini. Tukafukua pale waya wa ethi ulipozama, nje karibu na mita ya LUKU. Badala ya rodi ya shaba tukakuta kipande cha nondo, urefu wa kiganja, waya umezungushiwa kama kamba ya kumfungia mbuzi.

Nilipiga rodi mbili za mita moja na sentimita ishirini, mahali penye unyevu karibu na karo, nikafunga na breka ya kuzuia mvujo, ile ya miliampia 30. Friji likaenda kwa fundi wake. Tangu siku hiyo yule baba ameniletea wateja sita au saba, na kila akinitambulisha husema "huyu ndiye fundi mwenye mita". Neno mwanamke sijalisikia kinywani mwake.

Sasa, usije ukadhani nawasema wale watatu kwa kuwa ni wanaume. Walikisia, na walikisia kwa kuwa waliruhusiwa kukisia. Mwanaume akisema "hita imekufa" anaaminiwa, akikosea anaitwa tena. Mimi nikikosea mara moja, nasikia "si nilikwambia mwanamke". Si haki, najua. Lakini shida hiyo ilinifanya nipime kila kitu, na leo ndiyo inayonilisha. Nikimaliza wayaringi, kabla jipsam haijafungwa, napima nyaya zote kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha. Usomaji ukiwa chini ya megaomu moja nafungua natafuta. Namba naandika kwenye daftari lenye kaboni, nakala moja ya mteja, moja yangu. Vijana wananitania na hilo daftari, wananiita karani. Mwaka juzi fundi wa dari alipiga skrubu juu ya waya wangu, umeme ukawa unakata, akanisukumia mimi kesi. Nikafungua ukurasa wa tarehe ile. Kesi ikaisha kabla chai haijapoa.

Binti aliandika haya yote. Alipofika kwenye choo hakuandika, aliona nafanya mzaha.

Sikuwa na mzaha. Saiti nyingi hazina choo. Wanaume wanazunguka nyuma ya boma, wamemaliza. Mimi mwaka wa kwanza nilitatua kwa kutokunywa maji. Juu ya dari, bati likiwa limewaka jua la saa saba, na mtu anajinyima maji ili asikojoe! Nilipata maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili katika miezi minne, na mara ya pili dawa zilimeza posho ya wiki nzima. Nilikuwa naona aibu kuuliza. Siku hizi swali la choo nauliza siku ileile ninapouliza ramani iko wapi: "Bosi, choo kipo? Kama hakipo, nitaongea na jirani yupi?" Mara nyingi kuna mama jirani, unampelekea ndoo ya maji au unamfungia swichi iliyolegea, mlango wake unakuwa wako mpaka kazi iishe. Siku za hedhi beba ovaroli ya pili, ya rangi nyeusi, na usimweleze mtu kwa nini umebadilisha. Hayo chuo hawafundishi, na wanaume wa saiti hawayajui kwa sababu hawajawahi kuambiwa. Fomeni mmoja nilipomwambia alishtuka kabisa, kesho yake akaleta mabati manne tukajenga choo cha muda. Nacho wakakitumia wote.

Kuhusu bei nitasema kwa kifupi maana inaniudhi. Utaambiwa "mtoto wa kike, nipunguzie", na wengine watathubutu kukuuliza kama huna mume. Tembea na mteja chumba kwa chumba, mhesabu pointi pamoja: taa hii, swichi hii, soketi hii. Nyumba ya vyumba vitatu unaweza ukafika pointi hamsini na kitu bila kujua. Zikishaandikwa, bei inakuwa ya pointi na haina tena sura ya mtu. Nusu ya malipo iingie kabla hujafungua begi. Vifaa anunue mwenyewe kwa orodha yako. Kariakoo muuza duka atakuuliza akuwekee "cha juu" kiasi gani kwenye risiti. Miaka miwili nilikula cha juu, sikatai, kwa sababu kwenye ufundi nilikuwa najipunja. Nilipoacha kujipunja sikukihitaji tena.

Na lile la wanaume. Lipo. Bosi mmoja alikuwa ananipigia saa mbili usiku kwamba taa ya chumbani kwake inawaka na kuzima, niende peke yangu. Mwingine aliniambia wazi kazi ya ghorofa la pili nitaipata nikiwa "mwelewa". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa ubaguzi kazini, ila kibarua wa saiti asiye na mkataba ana safari ndefu mpaka aifikie. Kwa hiyo mimi nina taratibu zangu. Nyumba iliyokwisha kuhamiwa siingii bila saidia wangu, hata kama kazi ni kubadilisha holda moja. Usiku siendi, kama ni hatari namwelekeza mtu azime men swichi, nafika alfajiri. Malipo kwa simu. Jina la "shemeji" silijibu, naendelea kufunga skrubu mpaka nisikie "fundi". Kazi ya ghorofa la pili niliikosa. Niliumia, kodi ilikuwa inadaiwa, sitakudanganya kwamba kesho yake nilipata nzuri zaidi. Nilikaa mwezi.

Karatasi zake nazo azifuatilie mapema, kuanzia cheti cha VETA hadi leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, asingoje kama nilivyongoja mimi miaka sita huku wakandarasi wenye leseni wakinigongea mihuri kwa hela juu ya kazi niliyofanya kwa mikono yangu.

Dada yangu, mama yake, alikuwa jikoni muda wote huo anasikiliza. Akatoka na swali lake: watu watasemaje wakimwona juu ya paa na suruali? Nikamkumbusha nani alimfungia feni anayolalia. Akarudi jikoni.

Jumatatu binti anaripoti chuo. Nimempa multimita yangu ya zamani, ile yenye plasta kwenye mfuniko wa betri, na kopo jipya la poda. Kilichobaki ni buti. Anavaa namba 37. Jumamosi tumezunguka Kariakoo kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kila duka buti za kazi zinaanzia 40. Muuzaji mmoja akatushauri avae soksi tatu. Nikamuuliza kama yeye anapanda ngazi na soksi tatu. Kesho nitajaribu mitumba ya Ilala.