Barua kwa mwanangu: mchungaji wa Shelburne

Mwanangu,

Salamu kutoka Tukuyu. Mama yako hajambo, ila mvua imeharibu barabara na ndizi zinaozea shambani.

Nimesikia swali lako. Ulipita Shelburne, mji wa Nova Scotia huko Kanada, ukitokea Halifax, ukaambiwa kwamba mtu mweusi alianzisha kanisa la Kibaptisti pale tangu mwaka 1783. Unauliza iliwezekanaje, wakati huku kwetu wamisionari wa Kibaptisti walifika miaka ya 1950 na hadi leo tunaambiwa tumefuata dini ya Wazungu.

Mtu huyo ni David George. Alizaliwa mtumwa huko Virginia, akatoroka kwa sababu ya viboko, na mwisho akaangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa Silver Bluff, South Carolina. Hapo ndipo alipookoka, akabatizwa kwa maji mengi kwenye kijito cha kinu. Walikuwa wanane tu, wakawa kanisa. Kusoma alifundishwa na watoto wa Kizungu: anapewa kisomo kidogo, anakwenda kukirudia peke yake, kisha anarudi kuuliza kama amepatia. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza miaka yote ile, nampendea hapo.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipopamba moto alikimbilia kwa Waingereza, nao waliposhindwa akasafirishwa hadi Nova Scotia. Shelburne ndiyo kwanza ilikuwa inafyekwa. Usiku wa kwanza aliimba msituni, maana hakukuwa na nyumba, na watu weusi wakaja kutoka mbali. Kanisa lilianza na watu sita. Hata wasiookoka walisaidia kukata miti, na visenti vilivyochangwa vikanunua misumari. Si unakumbuka changizo letu la mabati?

Kilichomponza ni ubatizo. Mwanamke mmoja wa Kizungu alitaka abatizwe na David. Ndugu zake wakaleta fujo, dada yake akamshika nywele asishuke majini. Mahakimu wakaamuru aachwe, akabatizwa. Tangu hapo chuki ikachacha, na juu yake kulikuwa na manung'uniko ya kazi: wanajeshi walioachishwa walilalamika kwamba weusi wanakubali ujira mdogo. Mwaka 1784 wakaja kama arobaini au hamsini, na kamba na roda za meli, wakazipindua nyumba za watu weusi, yake ikiwamo. Alipoendelea kuhubiri walimpiga kwa fimbo, wakamkimbiza hadi kwenye kinamasi. Jioni alirudi kimyakimya, akachukua mke na watoto, akavuka nao mto kwenda Birchtown, makazi ya watu weusi jirani na Shelburne.

Aliporudi mwezi Desemba alikuta nyumba ya ibada imegeuzwa kilabu cha pombe. Akaipata tena, akahubiri mle mle. Haya si ya kusikia kwa watu: aliyasimulia mwenyewe alipofika London, yakachapishwa mwaka 1793.

Lakini ardhi waliyoahidiwa watu weusi wengi hawakuipata, na wengi wa waliopata walipewa ardhi ya mawe. Kwa hiyo Januari 1792 meli 15 ziling'oa nanga Halifax zikiwa na watu karibu 1,200 waliokwenda Sierra Leone. David George alikuwamo, na sehemu kubwa ya washirika wake. Freetown walianza ibada chini ya tanga la meli.

Sasa piga hesabu. William Carey, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza ambaye kila darasa la Biblia humtaja, alipanda meli kwenda India mwaka 1793. Mtumwa wa zamani alikuwa ameshapanda kanisa la Kibaptisti Afrika mwaka mmoja kabla. Mwambie hivyo rafiki yako yeyote wa chuoni anayesema hii ni dini ya Wazungu, kwa upole lakini.

Ukipita tena huko, shuka ufike Birchtown, ni kilomita chache tu. Nipigie picha ya maji. Ya jengo usihangaike nayo.

Ni mimi baba yako.