Re: Naanzaje lojiki, naweza kuruka mpaka kwa Gödel?
Mkuu, umesema hesabu uliishia fomu foo na unataka uingie moja kwa moja kwenye teoremu za kutokamilika za mwanahisabati Kurt Gödel za 1931 (kwamba mfumo wa hesabu wenye kanuni wazi na usiojipinga una kauli usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha), aisee usiruke hivyo. Anza na lojiki ya sentensi (sentensi zinazounganishwa kwa "na", "au", "si"), majedwali ya ukweli (yanayoonyesha lini sentensi hizo ni kweli au si kweli), kisha uthibitishe vitu kwa mkono wako ndani ya mfumo, yaani kwa kanuni zake za kuthibitisha tu.

Halafu induksheni juu ya fomula (fomula ni sentensi iliyoandikwa kwa herufi; unaonyesha jambo kwa herufi moja, kisha kwamba linabaki kila unapojenga fomula kubwa zaidi), hapo ndo wengi wanakwama maana sasa unathibitisha kitu kuhusu mfumo wenyewe. Jaribu hii: fomula iliyojengwa kwa "na" na "au" tu, herufi zake zote zikiwa kweli, lazima nayo iwe kweli. Herufi peke yake ni kweli, sawa. A ikiwa kweli na B kweli, basi "A na B" kweli, "A au B" pia. Imeisha, na papo hapo umejua "si" haitengenezeki kwa hizo mbili, maana A ikiwa kweli "si A" si kweli, mi hiyo naipenda sana!

Ukiiweza, nenda kwenye ukamilifu, yaani kila kilicho kweli kwenye kila hali kinathibitika, Gödel huyohuyo aliuonyesha 1929 kwa lojiki yenye "kila" na "baadhi", watu wanauchanganya sana na zile teoremu za kutokamilika za 1931. Ukikwama weka kazi yako hapa tuiangalie.