Gauni moja, wateja wawili: hesabu ya duka na Instagram

Dada, umeuliza ufanyeje baada ya gauni moja kulipiwa na mteja wa dukani Kariakoo na wa Instagram siku hiyohiyo. Pole, nami yalinikuta, kwenye viatu. Shida si mtandao, ni hesabu ya stoo. Daftari liko dukani, oda ziko kwenye simu ya mdogo wako, hazionani.

Wekeni orodha moja tu, hata ya Google Sheets (jedwali la mtandaoni linalofunguka kwenye simu), mnayoiona wote wawili. Kila gauni lipe namba, rangi na saizi: "G12, bluu, L, yapo 3". Aliyeuza apunguze palepale, kabla hajafunga mfuko. Likibaki moja, liondoe mtandaoni, liachie duka. Na yule wa "nitunzie dada, nalipa jioni" usimhesabu mpaka ujumbe wa muamala uingie.

Wa mikoani walipe kwanza, pamoja na nauli ya basi, kisha uwatumie picha ya risiti ya mzigo. Mzigo wa Guangzhou, China, kwa meli huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo agiza magauni yakibaki robo, usingoje yaishe. TikTok iache kwanza, hesabu za duka na Instagram zitulie.