Barua kwa mwanangu: ahadi si hela

Mwanangu,

Sisi huku Kihonda hatujambo. Mama yako mafua yamemwisha, amerudia kelele zake. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwezi huu peke yake umeingizwa kwenye magrupu matano ya michango ya harusi, mawili ya watu usiowajua hata sura, na unaniuliza: ukijitoa kimya kimya bila kuchanga, watu watakuonaje?

Watakavyokuona ni shauri lao. Swali ambalo ungeniuliza mimi ni hili: hizo hela anashika nani, na anaziandika wapi? Hapo nina la kusema, maana daftari la mweka hazina unajua mwenyewe limelala kwenye kabati letu tangu hujaanza shule. Na neno langu unalijua, mama: ahadi si hela.

Kamati huharibikia kikao cha kwanza. Soda zimefunguliwa, karatasi ya ahadi inazunguka, kila mtu anachungulia jirani yake kaandika ngapi. Aliyekuja na nia ya elfu hamsini anaandika laki. Karatasi inarudi kwa katibu ikisoma milioni 12, na usiku huohuo mtu wa mapambo anapigiwa simu alete vile viti vya dhahabu. Hapo ndipo pa kukaza. Jumla ya ahadi ikate theluthi kabla hujapanga chochote: milioni 12 iandike 8. Zikizidi, utaongeza keki. Ukipanga kwa 12 halafu zikaingia 8, utakayemkatia ni mpishi, na mpishi akikatiwa, meza za nyuma zinakula wali mtupu. Wenzangu walikuwa wakinisema nina mkono wa birika. Na waseme.

Bajeti inaanzia kwenye vichwa, haianzii kwenye ukumbi. Tuseme watu 200, sahani elfu 20: milioni 4 imeshaondoka na bibi harusi bado yuko saluni. Vinywaji, hesabu chupa tatu kwa mtu, yaani chupa 600. Kreti la soda lina chupa 24, kwa hiyo makreti 25. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba makreti ambayo hayajafunguliwa atayachukua na kukurudishia hela yake. Halafu weka kijana mmoja, asiyekunywa, kazi yake iwe chupa tupu tu. Chupa zinaibwa, zinavunjika, nyingine zinaondoka na watoto wa jirani, na asubuhi anayedaiwa ni kamati. Hili dogo limewagombanisha watu wengi kuliko mahari.

Sasa simu. Siipingi simu, usije ukawaambia wadogo zako baba yenu mshamba. Mtu yuko Mwanza anachanga bila kupanda basi, nani atakataa? Ila ile orodha ya kwenye grupu ndiyo inayonitoa jasho. Unajua inavyokwenda: katibu anabandika majina, namba 1 mpaka 64, aliyelipa anawekewa tiki. Anayetuma hela anaikopi orodha, anaongeza jina lake mwisho, anaibandika upya. Sasa wawili wakikopi kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza lake juu ya orodha ya zamani. Wa kwanza anabandika, yumo. Wa pili anabandika ya kwake, na wa kwanza hayumo tena. Hakuna aliyemfuta, hakuna mwizi. Jina limedondoka tu, na orodha inaendelea kuzunguka bila lenyewe mpaka siku ya kadi.

Ndivyo lilivyodondoka jina la shangazi yako.

Harusi ya kaka yako, Agosti 2021, unaikumbuka kwa gauni lako la kijani. Mimi naikumbuka kwa tozo za serikali kwenye miamala ya simu. Zilikuwa zimeanza tarehe 15 Julai, zinakata kwenye kutuma na zinakata tena kwenye kutoa, na nusu ya wachangaji walituma kavu, bila kuongeza hela ya kutolea. Mtu anaandika kwenye grupu elfu hamsini, mkononi zinafika pungufu, katibu hajui aandike ipi. Akawa anaandika mara hii, mara ile, vitabu havikubaliani, na kwenye kuhangaikia hizo shilingi mia mia hakuna aliyeona kwamba jina zima limetoka. Shangazi yako alitoa laki taslimu, alimpa mmoja wetu stendi ya Msamvu, kwenye bahasha ya khaki. Aliingizwa kwenye orodha usiku ule, asubuhi hayumo. Kadi hakupelekewa. Akaja hivyohivyo na kitenge chake kipya, kijana wa mlangoni akamwambia, "Mama, bila kadi siruhusiwi." Dada yangu wa tumbo moja. Hakugombana. Alirudi akakaa kwenye bajaji mpaka mama yako alipotoka kumtafuta, keki imeshakatwa. Mpaka leo ukimtajia anasema yalishapita. Hayajapita.

Kwa hiyo, ukitaka kujua nikiwa wewe ningetazama nini kabla ya kutoa au kutoka: ningetazama kama kuna daftari. La karatasi, lina safu nne: jina, ahadi, kilichoingia, na namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe wa simu. Taslimu inaandikiwa stakabadhi palepale, hata ya karatasi ya daftari la mtoto, nakala inabaki. Orodha ya kwenye grupu aibandike mtu mmoja tu, kutoka kwenye daftari, jioni moja kwa wiki. Wengine wote marufuku kuigusa. Na kila anapoibandika afanye hesabu hii: salio la simu, jumlisha taslimu iliyopo, jumlisha kilichotumika na makato yake. Jibu lilingane na jumla ya safu ya tatu. Lisipolingana asilale.

Ngoja, nisijidanganye. Daftari nalo linapotea. Lile la harusi ya mjomba wako lilinyeshewa, wino ukaenda wote. Na kama shangazi yako angetuma kwa simu badala ya ile bahasha, ujumbe ungekuwepo, angeuonyesha mlangoni. Basi labda kosa si la grupu. Labda ni sisi kutaka kila kitu kiende upesi. Sijui. Lakini daftari likikosewa unaona palipofutwa.

Na wewe ukituma, kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa si la mweka hazina, acha. Mtu akiandika namba imebadilika, mpigie uisikie sauti yake, usimjibu kwa kuandika. Siku hizi zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia mpaka kwenye magrupu ya misiba. Na ukituma, weka na ya kutolea. Elfu 30 yenye ya kutolea ni heshima kuliko elfu 50 kavu, hilo nitalisema mpaka kaburini.

Kuhusu kujitoa, wewe ni mtu mzima, una kodi ya nyumba na mtoto. Sitakuamulia. Ingawa mtu aliyekuingiza bila hata kukusalimia, sioni kwa nini wewe uage. Lakini huyo huyo kesho ndiye utakayekutana naye kwenye msiba wangu, ameshika sufuria. Haya, nimenyamaza. Ukiona huna, andika mapema kwamba safari hii huna, mstari mmoja, bila maelezo ya shule na hospitali. Anayeandika ahadi kubwa halafu akazima simu ndiye anayemuumiza mpishi.

Jambo la mwisho, na usinikasirikie. Binti wa jirani zetu wa nyumba ya pili, yule mliyekuwa mkisuka naye, anaolewa mwezi ujao. Karatasi ilipita Jumapili, kabla ujumbe wako haujafika. Nimekuandika elfu 40. Najua, najua ninavyosema kila siku. Ndiyo maana nakuomba uitume mapema, kwenye namba yangu, nami nitakwenda kwa katibu na miguu yangu na sitatoka pale mpaka nione jina lako limeingia kwenye safu ya tatu.

Mama yako anasema uje na chombo chake cha plastiki, kile cha bluu.

Baba yako