Sanduku la Maswali: Filamu za Kuchezea Vita vya Kale Mezani

Barua za safari hii zimetoka kwa wachezaji wa vita vya mezani, wale wanaopanga visanamu vya askari na kurusha dadu. Karibu wote wanauliza jambo moja: watazame nini ili wapate mawazo ya vita vya enzi za kale na za kati. Hesabu tulizotoa humu zinafuata kanuni za De Bellis Antiquitatis, kwa visanamu vya milimita 15: vikosi 12 kila upande, kila kikosi kikiwa kwenye kitako cha upana wa milimita 40, na meza ya sentimita 60 kwa 60.

Kila filamu ninayotazama, majeshi yakishagusana tu ni vurugu: kila mtu na adui yake, hakuna safu wala kikosi. Nitapata wapi filamu inayoonyesha jeshi likiwa jeshi? (Msomaji, Tanga)

Vurugu hiyo haina dawa, maana inatokana na kamera. Mwigizaji lazima sura yake ionekane na upanga wake uzunguke, na kuzungusha upanga kunataka nafasi, kwa hiyo mwongozaji huifungua safu. Ndiyo maana filamu ya vita inatazamwa kabla majeshi hayajagusana. Hapo ndipo penye mali: ardhi ilivyolala, nani yuko ubavuni, nani amewekwa akiba, na jeshi linachukua muda gani kujipanga.

Anza na Spartacus ya 1960, filamu ya watumwa walioasi dhidi ya Roma. Pambano la mwisho lilipigwa picha Hispania kwa askari wapatao 8,000 wa jeshi la nchi hiyo, na askari wa kweli wanajua kutembea kwa hatua moja. Waroma wanaonekana kwa mbali wakishuka mlimani katika miraba iliyopishana kama ubao wa drafti, kisha miraba inafunguka na kuwa mistari. Simamisha picha hapo. Chukua karatasi ya miraba ya daftari la hesabu, mraba mmoja uwe kikosi kimoja, uchore unachokiona. Endelea sekunde chache, simamisha, chora tena. Magogo ya moto yakianza kuporomoka unaweza kuzima. Hayo ni ya sinema.

Sasa mezani. Legioni, yaani divisheni ya jeshi la Roma, iligawanywa katika sehemu 10 zilizoitwa kohoti, na Caesar, jemadari wa Roma, anaeleza mpango wa mistari mitatu wa kohoti 4, 3 na 3. Vikosi vyako 12 vinaingia humo vizuri: 4, 3, 3, halafu kimoja cha farasi na kimoja cha watupa mikuki mepesi kwenye mbavu. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaviacha vikosi vimepishana kama kwenye filamu, kila kimoja mbali na mwenzake, kisha wanashangaa jeshi haliendi. Pointi za amri zinatoka kwenye dadu moja, na pointi moja inasogeza kundi lililogusana au kikosi kimoja kilicho peke yake. Vikosi 10 vilivyotawanyika vinataka pointi 10, nawe ukibahatika utapata 6. Gusanisha kila mstari: mistari mitatu ni pointi tatu, na dadu hutoa wastani wa 3.5.

Tahadhari moja: mstari wa vikosi vinne ni milimita 160 tu. Adui mwenye vikosi vinane mbele atakuzunguka pande zote mbili. Mstari wa pili hauko hapo kwa mapambo. Upandishe pembeni mwa wa kwanza zamu moja kabla ya kugusana, usingoje hadi baada.

Ukitaka hata hivyo kuona safu ikishikilia baada ya kugusana, tazama dakika za mwanzo za kipindi cha kwanza cha Rome, tamthilia ya HBO ya 2005. Ngao zimefungamana, wa mbele anapumzishwa kwa filimbi. Filimbi yenyewe usiichukue kuwa ushahidi, lakini ngao zitazame vizuri, na pia adhabu anayopewa askari anayeruka nje ya safu.

Nimenunua Wamakedonia wa Alexander. Je, filamu ya 2004 inafaa? Na mikuki yao imepinda yote, nifanyeje? (Msomaji, Eldoret)

Nusu yake inafaa sana, nusu nyingine iache. Pambano la Gaugamela, la 331 K.K., lilipigwa picha Morocco, na mwanahistoria Robin Lane Fox alikuwa mshauri; alipanda farasi mwenyewe katika shambulio. Faida yake kubwa kwa mchezaji ni jicho la tai linaloonyesha uwanja kutoka juu. Fuata Alexander anavyokwenda kulia na kuwavuta farasi wa Uajemi wamfuate, huku askari wepesi wa miguu wakikimbia wamefichwa na vumbi la farasi wake. Pengo linapofunguka anageuka. Mpango mzima wa mchezo ni huo: upande wa kushoto ulio chini ya Parmenion, jemadari wa Alexander, kazi yake si kushinda, ni kuchelewa kushindwa.

Meza yako iwe tupu. Dario, mfalme wa Uajemi, aliusawazisha uwanja kwa ajili ya magari yake ya vita, kwa hiyo ukiweka kilima au kichaka umekwisha kuiharibu Gaugamela.

Pambano la tembo lililo karibu na mwisho wa filamu usilichezee. Vita vya Hydaspes vya 326 K.K. vilikuwa ukingoni mwa mto, mahali palipo wazi. Filamu imevipeleka msituni, ikampa Alexander na jeraha la mshale alilolipata kwingine, katika kuuteka mji wa Wamali wa India.

Kuhusu mikuki: risasi laini hupinda, na ukiinyoosha mara tatu inakatika. Ikate uweke mingine. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anatoa urefu wa dhiraa 14 kwa sarisa, ule mkuki mrefu wa Wamakedonia, yaani mita 6 na kitu. Kwa kisanamu cha milimita 15 ni kama milimita 60. Nyuzi za ufagio wa plastiki zinafaa kuliko waya. Ni nyembamba, hukunjika na kurudi, na hazikuchomi kidole. Chagua zilizonyooka, zikate, zipake rangi ya msingi kwanza kwa sababu plastiki ile haishiki rangi, kisha toboa ngumi ya kisanamu kwa kekee ya mkono yenye ncha ya milimita moja na utie tone dogo la supaglu. Ukitia gundi bila kutoboa, mkuki utang'oka mchezo wa kwanza tu. Safu ya mbele ilaze mikuki, ya nyuma iinue. Polybius anasema ncha tano zilitokeza mbele ya kila mtu wa mstari wa kwanza, na hutaweza kuzionyesha zote kwenye kitako cha kina cha milimita 15. Mbili zinatosha macho.

Tungependa kucheza Badr na Uhud na vijana wa mtaani. Filamu ya The Message itatufaa, na tuzingatie adabu gani? (Msomaji, Lamu)

Inafaa, na kwa Uhud hatuna nyingine ya kupendekeza mbele yake. Moustapha Akkad aliitoa 1976 katika matoleo mawili, la Kiarabu na la Kiingereza, kila moja na waigizaji wake wakuu. Kwenye lile la Kiingereza Hamza ni Anthony Quinn, kwenye la Kiarabu ni Abdallah Gheith. Kwa adabu, fuateni njia ya filamu yenyewe: Mtume (s.a.w.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Mezani msiweke kisanamu chake. Kikosi cha amri kiwe bendera peke yake. Wachezaji wa upande wa Makka wasilazimishwe. Kuna watakaoona uzito, nao waachwe warushe dadu za waamuzi.

Badr ya 624 ni fupi. Tazameni nafasi ya visima na mapambano ya watu watatu kwa watatu kabla ya vita. Yachezeni kwa dadu moja kila upande, mara tatu. Anayeshinda mawili au zaidi anaongezewa pointi moja ya amri katika zamu ya kwanza, basi.

Uhud ya 625 ndiyo mchezo hasa, kwa sababu ilipinduka kwa amri iliyovunjwa. Mlima Uhud uko nyuma ya jeshi la Madina. Kushoto kwao kuna kilima kidogo chenye wapiga mishale 50 walioambiwa wasiondoke, washinde au washindwe. Riwaya zinataja watu kama 700 wa Madina dhidi ya 3,000 wa Makka wenye farasi 200. Msijaribu kuuweka uwiano huo, mchezo utaisha kabla chai haijapoa. Wapeni Madina vikosi 8: saba vya miguu na kimoja cha upinde kilimani. Makka wawe na 12, viwili kati yake farasi wa Khalid bin al-Walid, nyuma ya ubavu wao wa kulia. Kambi yao iwe wale wanawake wenye matari walio nyuma ya safu, ambao filamu inawaonyesha vizuri.

Kanuni za nyumbani ni mbili. Wapiga mishale wakiwa kilimani, farasi wa Khalid hawaruhusiwi kukipita kilima. Makka wakipoteza vikosi viwili vya miguu, kila mwanzo wa zamu ya Madina irushwe dadu kwa ajili ya wapiga mishale: 1 hadi 4 wanateremka mwendo kamili kuelekea kambi ya Makka, 5 au 6 wanabaki. Mchezaji wa Madina asiruhusiwe kutumia pointi za amri kuwazuia. Atalalamika. Kanuni inafanya kazi hapo hapo, maana akiweza kuwazuia hatakuwa na sababu ya kuharakisha ushindi, na Khalid atakaa bila kazi hadi mwisho. Mkiona Madina wanashindwa kila mara, badilisheni 1–4 iwe 1–3.

Kwenye filamu mishale ya Waingereza dhidi ya Wafaransa huko Azincourt inaangusha watu wa deraya mia kwa mia. Wapiga mishale wangu mezani wanamrudisha adui nyuma tu, hawaui. Kanuni zimekosea? (Msomaji, Kampala)

Filamu ndizo zimetia chumvi. Mwaka 2019 karakana ya Tod's Workshop ya Uingereza ilirekodi jaribio la upinde wa nguvu ya ratili 160, kama kilo 72, dhidi ya bamba la kifua lililotengenezwa kwa mtindo wa wakati ule. Mishale haikutoboa bamba. Ilipasuka, na vipande vikaruka kuelekea shingoni na mikononi, penye kinga hafifu. Sasa fikiria: mtu anayepigwa hivyo anainamisha kichwa, anapunguza mwendo, anajibana kwa mwenzake. Kikosi kinachorudi nyuma na kuacha pengo katika mstari kinawakilisha hilo barabara. Ngoja mstari wa Wafaransa uvunjike, ndipo ushambulie kile kikosi kilichobaki mbele peke yake.

Kwa ardhi, linganisha filamu mbili za Henry V, mfalme wa Uingereza aliyepigana Azincourt. Ile ya Laurence Olivier, 1944, ilipigwa picha Ireland kwenye nyasi kavu za kijani, farasi wakitimka kwa raha. Ya Kenneth Branagh, 1989, ni tope tupu, na tope ndilo la kweli: shamba lililolimwa, mvua ya usiku, misitu kulia na kushoto. Wafaransa wengi walikuja kwa miguu, kwa hiyo wateremshe farasini. Shamba tengeneza kwa boksi: lowesha upande mmoja, bandua karatasi ya juu, matuta yatajitokeza yenyewe. Likauke chini ya vitabu vizito, kisha lipake rangi pande zote mbili. Ukipaka juu peke yake litajikunja kama kaukau.

Vipi Braveheart? (Msomaji, Mwanza)

Vita vya daraja la Stirling, 1297, bila daraja. Wallace, jemadari wa Waskoti, alishinda kwa sababu Waingereza walivuka wachache wachache mahali pembamba. Ukiliondoa daraja hakuna mchezo. Badala yake tazama Outlaw King ya 2018, pambano la Loudoun Hill la 1307, uone mitaro inavyowabana farasi wengi mbele ya mikuki michache. Mezani acha njia ya upana wa vikosi vitatu, yaani milimita 120.

Bando linaniishia kabla sijafika kwenye vita. Nitafuteje? (Msomaji, Morogoro)

Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa picha kali. Picha ya kawaida inatosha kuona mpango wa jeshi. Picha kali itafute kwa dakika tano unazotaka kuhesabu safu. Kabla hujalipia, angalia urefu wa nakala. Kingdom of Heaven ya 2005 ina toleo la dakika 144 na la mwongozaji la dakika 194, na Red Cliff ni filamu mbili zilizofupishwa kuwa moja kwa watazamaji wa nje ya Asia. Chukua ndefu. Nakala zilizosimuliwa na madijei hazidhuru kwa sauti, maana sisi tunatazama; tatizo ni picha yenye ukungu.

Kwenye YouTube andika jina la vita jinsi wenyeji wanavyoliandika, pamoja na mwaka: Azincourt 1415, Grunwald 1410. Utapata maigizo ya uwanjani, kama yale ya Grunwald nchini Poland kila Julai, au ya Hastings Uingereza kila Oktoba. Kwa ukuta wa ngao hayo yanazishinda filamu nyingi, kwa kuwa hakuna nyota wa kupishwa mbele ya kamera. Kwenye kompyuta, simamisha video, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusonga picha moja moja, na cha mkato kurudi. Kwenye simu punguza mwendo hadi 0.25.

Nipake rangi gani? Filamu za siku hizi zote ni kijivu. (Msomaji, Nairobi)

Tazama Ran ya Akira Kurosawa, 1985. Jeshi la mwana wa kwanza ni manjano, la pili nyekundu, la tatu buluu, na ukiwa mbali bado unajua nani anashambulia nani. Fanya vivyo mezani hata kwa majeshi yasiyo ya Kijapani: rangi moja inayotawala kwa kila jemadari, ngazi moja nyepesi zaidi ya unayoiona kwenye skrini, kwa sababu kisanamu kidogo hufifisha rangi. Bendera za mgongoni kata milimita 5 kwa 15 kutoka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara; inapinda kama kitambaa na kubaki ilivyopindwa. Ukitumia karatasi ya kawaida kingo zitabaki nyeupe, zipitishie rangi ya bendera kwa ncha ya brashi.